Jiwe la Kisii na Mpaka wa Bustani: Maoni Juu ya Sanaa ya Umma

Neno "sanaa" katika Kiswahili lilikuwa na maana ya kazi ya mkono kabla ya kuwa na maana nyingine yoyote. Sermala, mfua fedha na mchonga milango walikuwa watu wa sanaa, na hakuna aliyeona haja ya kuwatenga na mafundi. Siku hizi, hasa katika vyuo vyetu, neno hilo limepanda cheo. Mhakiki anaposema "msanii" aghalabu humfikiria mtu mmoja mwenye jina, ilhali "fundi" ameachiwa kazi ya kutengeneza viti na kuziba paa. Mgawanyo huu haudhuru sana tunapohakiki riwaya. Lakini tunapoikabili kazi ya jiwe iliyosimamishwa hadharani, mahali ambapo kila mpita njia ana haki ya kuiona, unatupotosha. Nakusudia kuuchunguza upotofu huo kwa kutazama mawe ya Gusii na bustani moja ya Nairobi.

Bustani yenyewe ni City Park, iliyoko upande wa Parklands. Ndani yake mna makaburi ya zamani, na humo alizikwa Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi mwezi Februari 1965. Rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya kwa miezi michache katika mwaka 1966, alitaka naye azikwe karibu na Pinto. Alipofariki mwaka 1990 akalazwa jirani na makaburi hayo, na baadaye mkewe Sheila akalazwa kando yake. Murumbi alikuwa mkusanyaji mkubwa wa vitabu na kazi za sanaa za Kiafrika, na wachongaji wengi walimwona kuwa mlezi wao. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba mahali pa kaburi pakafanywa bustani ya sanamu, zenye kazi za wachongaji wa Kenya na Uganda.

Kinachonishughulisha hapa ni mpaka. City Park ni miongoni mwa ardhi za umma zilizomegwa na kunyakuliwa na watu binafsi, na kaburi la Murumbi lenyewe lilikaribiwa na wanyakuzi hao. Mwaka 2009 bustani ilitangazwa rasmi kuwa urithi wa taifa unaolindwa kwa sheria. Sheria ina nguvu zake, lakini mtu anayetaka kuhamisha ua usiku haogopi gazeti la serikali kama anavyoogopa kitu kinachoonekana. Sanamu iliyosimikwa ardhini, yenye watu wanaokuja kuitazama, ni shahidi asiyeondoka. Wakenya walijifunza jambo hili katika Uhuru Park mwaka 1989, Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa sitini lisijengwe humo, na jengo hilo halikujengwa. Pembe ya bustani ile ambayo watu waliizoea na kuipa jina, yaani Freedom Corner, ilikuwa na ulinzi ambao nyasi tupu hazina.

Miongoni mwa kazi za City Park iko ile ya Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka katika Gusii ya kusini: ndege wa amani anayechomoza kutoka katika jiwe. Ndege ni umbo alilolirudia mara kwa mara, na mmoja wa ndege zake umesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Mhakiki wa fani na maudhui angeona kazi rahisi hapa: maudhui ni amani, fani ni ndege. Mimi naona kwamba ubora wa kazi hii uko katika sehemu ambayo haijawa ndege bado. Mchongaji ameliacha jiwe liendelee kuwa jiwe. Macho hayawezi kuonyesha ni wapi hasa mwamba unakoma na bawa linaanza, na katika mahali ambapo watu wanagombea mipaka, kazi isiyokuwa na mpaka wa ndani ina maana kuliko jina lolote la amani.

Lakini ni nani aliyeifanya sanaa ya namna hii iwezekane? Hapa hatuna budi kurudi Tabaka. (Msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita jina hili bila kusita, hasa aliyelelewa katika uhakiki wa matabaka, sitalicheza zaidi ya hapo, kwa kuwa ni jina la mahali tu.) Tabaka huchimbwa jiwe laini ambalo Wakenya huliita jiwe la sabuni, au jiwe la Kisii tu. Wachimbaji hulifukua kwa sururu na mitaimbo. Mchongaji hulipasua na kulipa umbo la kwanza kwa panga, kisha hufuata kisu na tupa. Baada ya hapo kazi huhamia kwa wanawake. Kwa desturi ndio wanaoketi na mabeseni ya maji wakisugua kwa msasa, hatua kwa hatua, mpaka mikwaruzo ya kisu itoweke na rangi ya jiwe, nyeupe, waridi au kijivu, ijitokeze. Kisha nta na kung'arisha. Vipande vidogo husafirishwa hadi Nairobi, Mombasa na ng'ambo, na mnunuzi wa mwisho hajui jina la hata mmoja wao.

Kuna watakaosema kwamba kusugua si kuchonga, na kwamba dhana ya kazi ni ya mchongaji peke yake. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama uso wa jiwe la sabuni ungekuwa pambo tu. Sivyo ulivyo. Jiwe hili likitoka kwenye kisu ni la vumbi na limefifia; mshipa wake hauonekani. Anayelisugua ndiye anayeamua ukingo upi ubaki mkali na upi uyeyuke, na mtazamaji akisifu "ulaini" wa sanamu ya Kisii anasifu mkono wa mwanamke asiyetajwa. Nahau ya Kiswahili inamruhusu mchongaji kusema "tumelichonga" hata akiwa peke yake mbele yetu. Mara nyingi wingi huo si wa adabu. Ni wa kweli.

Kwa maoni yangu, basi, kazi ya jiwe iliyowekwa hadharani na kupewa jina moja tu imekatwa nusu, hata ikiwa jina hilo ni la mchongaji bora, na kosa hilo ni la sisi tunaoandika kuliko la wachongaji. Tumezoea kutafuta "jamii" katika maudhui ya sanaa, tukiuliza kama inamtetea mkulima na mfanyakazi, huku jamii imeketi mbele yetu na beseni la maji.

Kisii na Nyamira, zilizokuwa wilaya moja hadi miaka ya 1980, zinalihitaji swali hili kuliko Nairobi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kisii peke yake ina zaidi ya watu mia tisa katika kila kilomita ya mraba. Shamba hugawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, na kila ua una kesi yake. Katika nchi ya namna hiyo, ardhi ya wote ni kitu adimu na chepesi kupotea, na jiwe linalochimbwa humo huondoka kwa malori kwenda kupamba meza za watu wa mbali.

Nafikiria ukingo wa Manga, ule unaoutazama mji wa Kisii kutoka upande wa Nyamira. Nyamira haina machimbo kama ya Tabaka, lakini ina mwinuko huu ambao kila mtu wa Gusii anaujua. Endapo kazi ya jiwe itasimikwa huko, ningependa iwe kubwa mno kwa beseni, ili wanaosugua wasimame mahali pa wazi na kuonekana wakiisugua. Na ningependa iachwe bila uzio. Jiwe laini hukwaruzika upesi, hata kwa kisu cha mtoto. Watakaopita watalikwaruza na kuandika majina yao, na kila baada ya miaka kadhaa itabidi wanawake wa Tabaka waitwe tena, walipwe, na walisugue upya.