Upatanisho na Yule Asiyekuwapo: Tafakari juu ya Riwaya ya By the Sea

Mtumishi anayefanya kazi Nyahanga, mjini Kahama, hana budi kuzisikia simulizi mbili juu ya jambo moja. Mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa katika machimbo ya Bulyanhulu. Wapo wanaodai kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni ya mgodi zilikanusha. Je, watu wasioafikiana hata juu ya lililotendeka watapatanishwaje? Swali hilo ndilo linalotufanya tuichunguze riwaya ya By the Sea (2001), iliyoandikwa kwa Kiingereza na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021.

Mzee Saleh Omar anafika Uingereza kuomba hifadhi, naye amebeba pasipoti yenye jina la marehemu Rajab Shaaban Mahmud. Latif, mwana wa marehemu huyo na mwalimu wa chuo kikuu jijini London, anamtembelea katika mji mdogo wa pwani. Latif amekua akijua jambo moja: mzee huyu aliichukua nyumba yao. Saleh naye anajua jingine: baada ya Mapinduzi ya 1964 alinyang'anywa nyumba hiyo, akafungwa kwa miaka mingi, na mkewe na bintiye wakafariki yeye akiwa kifungoni.

Ubora wa riwaya hii ni kwamba haimgawi mkosaji na mkosewa kwa mstari ulionyooka. Kadiri mazungumzo yanavyoendelea, Latif anatambua kwamba baba yake mwenyewe aliiweka nyumba rehani kwa mfanyabiashara Hussein, na deni hilo ndilo lililomfikia Saleh. Kwa upande wake, Saleh alikuwa na hati halali mkononi, lakini uhalali wake uliiacha familia nzima bila makao. Aliyeteswa naye ana la kujibu. Hapa hakuna tume kama ile ya Afrika Kusini, iliyoanza kusikiliza mashahidi mwaka 1996 chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Desmond Tutu. Zanzibar haikupata tume ya namna hiyo. Maridhiano ya mwaka 2009 na kura ya maoni ya Julai 31, 2010 yalifungua njia ya kugawana madaraka. Hayakumwita mtu kusimulia yaliyompata. Gurnah anawapa watu wawili nafasi ambayo nchi yao haikuwapa.

Hata hivyo, riwaya ina upungufu ambao msomaji wa Kikristo asiupite kimya. Saleh anasimulia kwamba Asha, mama yake Latif, alitumia uhusiano wake na waziri mmoja ili kumwangamiza. Asha hayumo chumbani. Hatusikii hata mara moja jinsi yeye mwenyewe alivyouona msiba wa nyumba yake. Wanaume wawili wanakaribiana, na sehemu kubwa ya lawama inabaki juu ya mwanamke asiyeweza kujibu. Waziri na askari magereza nao wanabaki mbali. Katika Haini (2003), Adam Shafi anatuingiza gerezani kwenyewe, hata dola ikaonekana sura yake. Lakini Haini nayo haituonyeshi meza ambapo mahasimu wanasikilizana. Yafaa riwaya hizi mbili zisomwe pamoja.

Sisi tunaohubiri upatanisho twajaribiwa kuridhika mapema. Wawili wakishikana mikono mbele ya wazee wa kanisa, tunafunga kwa sala na kuandika kwamba shauri limekwisha. Zakayo hakuishia kumkaribisha Bwana nyumbani; aliwakumbuka pia wale aliowadhulumu, ambao hawakuwapo mezani, akaahidi kuwarudishia. Kwa hiyo, kabla ya kufunga shauri lolote katika usharika, tuulize: ni nani hayupo, na lawama iliyobaki tumemtwika nani? Kwa habari ya Bulyanhulu, mchungaji hana mamlaka ya kuamua ipi kati ya simulizi hizo mbili ni ya kweli. Anao wajibu wa kukataa amani inayopatikana kwa kumnyamazisha mmojawapo, awe mjane wa mchimbaji au mlinzi aliyekuwa kazini siku ile.