Silabi moja iliyomezwa: lawama yangu kwa podikasti zetu za sayansi

Ukimsikia mtafiti akisema "tutapata matokeo mwaka huu", utaelewa nini? Sisi tulielewa vizuri tu, tukakirusha kipindi hewani. Kumbe mgeni wetu alikuwa amesema "hatutapata". Mtandao ulimeza "ha", na siku ya pili msimamizi wake akampigia kuuliza: matokeo gani hayo? Tulikiondoa kipindi na kumwomba radhi, lakini hakukubali tena kurekodi nasi.

Tangu hapo nasikiliza podikasti za wanafunzi wenzangu, na zetu wenyewe, kwa sikio kali. Maswali ni mazuri, wageni wanajua kazi yao. Lawama yangu ni moja: wengi tunabonyeza "rekodi" ndani ya Zoom au Jitsi Meet, halafu kilichotoka ndicho tunachopandisha. Tunajitetea kwamba hatuna hela ya studio. Kusema kweli, hela siyo tatizo hapa.

Tatizo ni kwamba simu ya mtandaoni imetengenezwa ili iwahi. Sauti yako hukatwa vipande vidogo vidogo, hubanwa, na kutumwa. Kipande kikichelewa, programu haikisubiri, maana mkisubiriana mazungumzo yanakufa. Inaziba pengo kwa kukisia. Juu ya hapo kuna kichujio cha kelele, ambacho wakati mwingine huchelewa kutambua kwamba mtu ameanza kusema, kikakata mwanzo wa neno.

Sasa fikiria Kiswahili. Ukanushi wetu unakaa palepale mwanzoni. "Haitafika" ikikatwa kichwa inabaki "itafika": sentensi safi kabisa, maana kinyume. Na si hilo tu. Sauti kama "s" na "th" hutofautiana zaidi kwenye mitetemo ya juu, nyingi ikiwa zaidi ya 4,000 kwa sekunde, na hiyo ndiyo hupotea mapema sauti inapobanwa sana. Hapo "thamani" na "samani" huwa kitu kimoja. Msikilizaji hana uso wa msemaji wa kumsaidia kubahatisha.

Dawa yake ni ya bure: kila mtu ajirekodi alipo. Mnaongea kwenye simu ya mtandaoni kama kawaida, mmevaa hedifoni ili sauti ya mwenzako isiingie kwenye maiki yako, huku kifaa cha pili kinarekodi sauti yako tu. Nasema cha pili kwa sababu simu nyingi hazikubali kurekodi na kupiga kwa wakati mmoja. Mkimaliza, mgeni anatuma faili. Faili inaweza kuchukua nusu saa kufika, haidhuru, itafika nzima. Ikipitia WhatsApp, itumwe kama dokumenti, isiwe ujumbe wa sauti. Kisha unaunganisha kwenye Audacity, programu ya bure iliyopo tangu mwaka 2000.

Rekodi ya mkutano usiitupe. Ndiyo ramani yako: ina sauti zote mbili kwa mpangilio, kwa hiyo unailinganisha kila faili nayo. Angalia na mwisho pia, kwani saa za vifaa viwili hazilingani kabisa. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni inakuwa sekunde 0.18 kwa saa moja, inatosha mtu kuonekana anamkata mwenzake kauli.

Utaniambia tunamtwisha mgeni mzigo. Kweli. Atatafuta simu ya pili, atasahau kubonyeza, na bando ni lake. Dakika 40 za WAV ya chaneli moja, kwa ubora wa CD, ni kama MB 210. MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde ni kama MB 19, na kwa maneno matupu inatosha. Basi mtumie bando, na mfanye jaribio la dakika mbili kabla hamjaanza.

Na hata ukifanya yote hayo, mpe mgeni asikilize kabla hujarusha. Sisi hatukufanya hivyo. Yeye angeisikia "ha" iliyokosekana ndani ya sekunde moja.