Mwizi Mwenye Sauti ya Kiungwana

Msomaji, wahenga walisema kuwa uungwana ni vitendo. Ikiwa neno hilo ni kweli, basi “mwizi” na “muungwana” ni maneno mawili yasiyoweza kukaa nyumba moja. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja watu wamempenda mwizi muungwana. Wamemsoma vitabuni, wamemtazama jukwaani, na wamemsikiliza redioni kwa furaha isiyofichika. Nataka tumchungue pamoja, tujue furaha hiyo yatoka wapi, na kama yatupasa kuionea haya.

Mwizi huyo aitwa A. J. Raffles. Aliyemtunga ni E. W. Hornung, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1866 na kufariki mwaka 1921. Kitabu cha kwanza cha visa vyake, The Amateur Cracksman, kilitoka mwaka 1899. Mchana Raffles ni bwana wa London: akaa Albany, mahali pa watu wa heshima, acheza kriketi kwa ustadi usifiwao na wote, tena hualikwa katika majumba ya wakubwa. Usiku huvunja milango na kuiba vito. Mwenziwe ni Bunny, aliyekuwa mdogo wake shuleni na kumtumikia huko. Naye ndiye asimuliaye visa.

Hornung alikuwa shemeji wa Arthur Conan Doyle, mtungaji wa Sherlock Holmes, maana alimwoa dada yake mwaka 1893, na kitabu kile alikitabaruku kwake. Doyle alikiri ustadi wa visa hivyo, lakini aliona ni hatari kumfanya mhalifu kuwa shujaa. Swali hilo la shemeji kwa shemeji ndilo swali letu pia.

Kati ya mwaka 1985 na 1993 redio ya BBC ilitangaza visa hivyo kwa namna ya michezo ya kuigiza. Jeremy Clyde alikuwa Raffles, na Michael Cochrane alikuwa Bunny. Michezo hiyo ilirudiwa hewani miaka ya baadaye, na wapenzi wake huisikiliza tena na tena ingawa wajua mwisho wake. Kwa nini? Chukua kisa cha kwanza kitabuni. Bunny amepoteza fedha katika kamari, ameandika hundi zisizo na kitu benki, naye amja Raffles usiku akiwa tayari kujiua. Raffles aahidi kumsaidia, kisha amchukua mpaka Bond Street. Bunny adhani waenda kwa rafiki. Kumbe waingia duka la sonara. Hadithi kama hii yafaa redio kuliko jukwaa. Msikilizaji hana macho, na Bunny hana mwanga. Sote twafuata sauti moja gizani, na wakati Bunny atambuapo kuwa amekuwa mwizi, sisi nasi tumekwisha kuingia ndani pamoja naye.

Huo ndio uzuri wa redio, na hapo hapo ndipo penye hila yake. Kitabuni Bunny asimulia kama mtu atazamaye nyuma, mwenye upendo na majuto pamoja. Mchezo wa redio hauna budi kuupunguza usimulizi na kuyazidisha mazungumzo. Katika mazungumzo, mwenye kauli tamu ndiye ashindaye. Sauti ya Raffles ni laini, haina haraka, haina hofu. Dhamiri ya Bunny yabaki mnong’ono.

Siku moja niliwachezea wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu mchezo wa namna hii. Nikausimamisha katikati nikauliza: nani ataka mwizi akamatwe? Hakuna aliyeinua mkono. Darasa likacheka. Kisha kijana mmoja wa nyuma akasimama, akasema kwa upole kuwa mama yake aliwalea kwa cherehani moja, na kwamba cherehani hiyo iliibwa usiku wakiwa wamelala. “Mwalimu,” akasema, “mwizi wetu hatukumsikia sauti.” Kicheko kikakoma. Nakiri kuwa sikuwa na jibu siku ile, na insha hii ni jaribio langu la kumjibu.

Wengine watasema kuwa sisi wenyewe twamcheka Abunuwasi na kumshangilia Sungura, nao ni walaghai. Ni kweli, lakini tutazame tofauti. Hila za Abunuwasi hufichua upumbavu na uchoyo wa wakubwa. Raffles huwaibia wakubwa, lakini hataki kuwafichua. Ataka kubaki mezani pao. Hawagawii maskini alichokipata. Huiba kwa kuwa ahitaji fedha na kwa kuwa mchezo wenyewe wampendeza.

Hata hivyo, haki itendeke kwa mtungaji. Katika insha aliyoitoa mwaka 1944, George Orwell alionyesha kuwa Raffles, ingawa hana dini wala sheria, ana mambo ayaonayo kuwa ni aibu kuyatenda: akialikwa nyumbani kwa mtu, hamwibii mwenyeji, bali mgeni mwenziwe. Huo ni uungwana mwembamba mno, lakini ni mpaka, nao ni bora kuliko kutokuwa na mpaka wowote. Zaidi ya hayo, Hornung hakuificha gharama. Katika kisa kimoja Raffles atoka kwenda kuua mtu, na azuiwa tu kwa kuwa mwingine amemtangulia. Mwishoni mwa kitabu cha kwanza mwizi ajitupa baharini, na Bunny aingia gerezani. Baadaye Raffles afa kwa risasi katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini. Siku za mwizi ni arobaini, na mtungaji alizihesabu zote.

Basi naona kipimo cha mchezo mwema ni hiki: je, watusikilizisha deni pamoja na raha? Mchezo ukitupa kicheko cha Raffles na kutunyima hofu ya Bunny, umeuza nusu ya hadithi. Ukitupa vyote viwili, umetufundisha jambo kubwa, yaani jinsi mtu mwema anavyoweza kuvutwa na sauti nzuri hatua kwa hatua mpaka mlangoni pasipo pake.

Nawe, msomaji, sikiliza na ufurahi. Furaha hiyo si dhambi. Lakini mchezo ukiisha, kaa kimya kidogo, umkumbuke yule aliyeamka asubuhi akakuta pahali pa cherehani ni patupu. Hana sehemu katika mchezo. Ni juu yako kumpa.