Meli Moja, Mashimo Manne

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Jeshi la Majini la Denmark lilikuwa na vyombo 22 vilivyochoka: boti za torpido, boti za doria na meli za kuondoa mabomu yanayotegwa baharini. Kila aina ilikuwa na kazi yake, na fedha za kujenga vingine 22 hazikuwepo. Badala yake zikaundwa meli 14 za aina ya Flyvefisken, zenye urefu wa mita 54. Bodi ni la faibaglasi, maana chuma huamsha mabomu ya sumaku.

Ufundi wenyewe uko sitahani. Kuna mashimo manne, moja upande wa omo na matatu upande wa tezi, na kila shimo hupokea sanduku la chuma lenye urefu wa mita 3, upana wa 3.5 na kina cha 2.5. Usilifikirie kontena la mitumba. Mzinga wa milimita 76 umefungwa juu ya paa la sanduku, na mitambo inayouendesha imo tumboni mwake. Kreni ya kawaida ya tani 15 hunyanyua sanduku kutoka gatini, hulishusha shimoni, mafundi hukaza bolti na kuunganisha umeme, maji na nyaya za mawasiliano. Nusu saa, kazi imekwisha, ukiacha saa chache za majaribio. Chumba cha kuongozea mapigano nacho hakibomolewi: meza za kompyuta ni za aina moja, na programu ndiyo inayoamua leo meza hii ni ya mzinga au ya sona.

Hapo ndipo sifa nyingi huishia, nami nadhani zinaishia pabaya. Sanduku hufunguliwa bolti, baharia je? Aliyezoea kurusha makombora hawi mtegua mabomu kwa nusu saa. Faida kubwa ilikuwa kwingine. Mzinga ukiharibika, unashuka karakana peke yake huku meli ikiendelea na doria. Tena silaha haizeeki pamoja na meli. Flyvefisken za mwisho zilipostaafu Denmark mwaka 2010, masanduku yaliendelea na kazi kwenye meli mpya, zikiwemo za doria ya Greenland. Mabodi kadhaa yaliuzwa Lithuania na Ureno.

Marekani ilijenga meli zake za kivita za pwani, LCS, kwa wazo la aina hiyohiyo, ila meli zilitangulia na vifaa vya kuingizwa ndani vikabaki kwa wahandisi. Meli ya kwanza ilianza kazi 2008; vifaa vya kutegua mabomu vilitangazwa kuwa tayari 2023. Wadenmark walikuwa wamejaza masanduku yao silaha zilizokwisha kujulikana: mzinga wa Italia na Harpoon, kombora la Wamarekani wenyewe.