Kumaliza si Kumudu: Uhakiki wa Mifumo ya Kielektroniki ya Ujifunzaji katika Vyama vya Kitaaluma

Vyama vya kitaaluma, hasa vya wahasibu na wanasheria, huwataka wanachama wajiendeleze kielimu ili waendelee kutambuliwa. Mifumo ya kielektroniki imerahisisha wajibu huo: mwanachama aliyeko Kigoma au Lodwar hujifunza bila kugharimia safari ya mjini. Faida hiyo haikanushiki. Makala haya yanahoji jambo jingine: mfumo unapoandika kwamba mwanachama “amemaliza” kozi, umethibitisha nini?

Sehemu ya jibu imo katika muundo wa mifumo yenyewe. Kozi nyingi hutengenezwa kwa kufuata SCORM, viwango vilivyotokana na mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Katika toleo la 1.2, la mwaka 2001, hali ya mwanafunzi huandikwa mahali pamoja tu: amefaulu, amemaliza, ameshindwa, hajamaliza, amepitia tu, au hajaanza. Kumaliza na kufaulu hugombea nafasi moja. Likiandikwa moja, la pili halionekani. Toleo la 2004 lilizitenganisha hali hizo mbili. Hata hivyo, utenganisho huo hauna tija iwapo chama husoma taarifa ya kumaliza peke yake.

Mfano wa uhasibu unadhihirisha tatizo hili. Kiwango cha kimataifa cha elimu ya wahasibu, IES 7, kwa muda mrefu kilihusishwa na saa 120 za kujiendeleza katika kila miaka mitatu, 60 kati yake zikiwa za kuthibitishika. Marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2020 yalielekeza mkazo kwenye matokeo ya ujifunzaji, ingawa yaliruhusu bado upimaji wa saa. Hapo ndipo mfumo unapoamua sera kimyakimya. Saa huhesabika zenyewe, ilhali umahiri huhitaji mtahini, kisa cha kuchambuliwa na muda. Chama kisichojihadhari kitapima kilicho rahisi kupimika, kisha kikiite elimu. Atakayelipa gharama ya kosa hilo ni mteja anayeiamini saini ya mtaalamu.

Suala hili ni la lugha pia. Kiswahili kinatofautisha waziwazi kuhudhuria, kumaliza, kufaulu na kumudu. Anayetafsiri mfumo kwa kutumia “kuhitimu” kwa hali zote nne huifuta tofauti ambayo lugha tayari inayo. Moodle, programu huria iliyotolewa mwaka 2002, humruhusu msimamizi kubadili maneno yanayoonekana kwa mtumiaji. Kwa hiyo istilahi iko ndani ya uwezo wa chama.

Inapendekezwa kwamba kanuni za vyama zitaje hali hizo nne kila moja kwa jina lake, na kwamba idhini ya kuendelea na kazi isitegemee kumaliza peke yake. Angalau sehemu ya alama itokane na uchambuzi wa visa halisi vya kazi, unaosahihishwa na wanataaluma wenzake. Chama kiamue kwanza kinataka kujua nini kuhusu wanachama wake, ndipo kichague mfumo.