Staringi Mwenye Daftari

Katika vibanda vya video vya Kibera na Kawangware, kila mtoto anajua kanuni ya filamu: kuna staringi na kuna adui, na staringi hafi. DJ Afro, anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kilichokolea Sheng, huwataja hivyo tangu mwanzo, na watazamaji kwenye mabenchi hujua wamshangilie nani kabla ngumi ya kwanza haijatua. Ule nao ni ufundi, na ninauheshimu. Leo lakini nataka kusifu ufundi mwingine, ambao vijana wa mitaa hiyo hiyo huubeba kwenye simu na flashi: ule wa anime, katuni za Kijapani, zinazompa mtazamaji staringi, kisha zikamnyang'anya taratibu.

Chukua Death Note. Hadithi ni ya Tsugumi Ohba, michoro ya Takeshi Obata, na ilichapishwa Japani kuanzia 2003 hadi 2006. Studio ya Madhouse ikaigeuza kuwa anime ya vipindi 37, ikiongozwa na Tetsuro Araki. Light Yagami, mwanafunzi hodari na mwana wa afisa wa polisi mwadilifu, anaokota daftari. Akiandika humo jina la mtu huku akiikumbuka sura yake, mtu huyo anakufa. Wa kwanza kuandikwa ni mhalifu aliyewateka watoto wa chekechea. Nani atamlilia huyo?

Sisi tuliolelewa na riwaya za mpelelezi Bwana Msa tumezoea kufichwa. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, Muhammed Said Abdulla anatuzungusha hadi mwisho ndipo tuone ukweli. Ohba hafichi kitu. Muuaji tunamjua tangu kipindi cha kwanza, tunaketi naye chumbani, tunasikia hesabu zake, na zinaingia akilini. Kinachobaki kujulikana ni siku ambayo wewe mtazamaji utaacha kumuunga mkono.

Kwangu, siku hiyo ni ya Naomi Misora. Mchumba wake, mpelelezi wa Marekani, ameuawa na daftari, naye amegundua jambo ambalo polisi hawajaligundua. Anakutana na Light, kijana mpole mwenye baba polisi, na wanatembea pamoja wakizungumza. Light anaandika jina alilopewa. Anasubiri. Hakuna kinachotokea, kwa kuwa mama huyu mwangalifu ametaja jina la uongo. Basi Light anambembeleza, anamsifu akili zake, anamwahidi nafasi katika kikosi cha upelelezi, hadi anatoa leseni yake ya udereva mwenyewe. Anapouliza kwa nini kijana anaitazama saa kila mara, Light anamweleza waziwazi yeye ni nani. Macho ya Naomi yanazimika na anaondoka kwenda kufa. Hakuiba, hakuua. Kosa lake ni kukaribia ukweli.

Kenya tuna sababu ya kukitazama kipindi hicho kwa makini kuliko wengi. Miaka michache iliyopita, kurasa za Facebook zenye jina la Hessy, aliyedhaniwa kuwa polisi, zilibandika picha na majina ya vijana wa Eastlands, wakionywa waache wizi. Mara nyingine picha ya pili ilifuata, kijana akiwa maiti. Sura na jina, kama kwenye daftari. Na chini ya picha, watu walishukuru. Siwalaumu kwa wepesi, maana anayeporwa simu kila mwezi akitoka kazini usiku ana uchungu wa haki. Hata hivyo, hakuna aliyenyongwa nchini kwa hukumu ya mahakama tangu 1987, ilhali risasi, mawe na tairi havijapumzika. Kelele ya "mwizi!" sokoni haimuulizi mtu jina lake halisi.

Anime hizi hazimpi mtazamaji upande safi wa kukimbilia. L, mpelelezi anayemsaka Light, anamweka mbele ya kamera za televisheni mfungwa aliyehukumiwa kifo awe chambo, na chambo kinaliwa. Baba yake Light anakufa akiamini mwanawe hana hatia, akiwa amefarijika kabisa. Sijaona hukumu kali kuliko faraja hiyo. Monster, ya Naoki Urasawa, inakaza zaidi. Daktari Tenma, Mjapani aliye Düsseldorf, alikuwa ameamriwa amwache kibarua Mturuki na badala yake amtibu mwimbaji maarufu. Kibarua akafa, na mjane akamjia akilia. Mara ya pili anakataa amri: anampasua mtoto mwenye risasi kichwani badala ya meya. Mtoto anapona, na anakua kuwa muuaji wa kutisha. Je, Tenma alikosea? Vipindi 74 vinapita bila Urasawa kukubali kutujibia. Kutia swali ndani ya mtu na kuliacha lifanye kazi kunahitaji mkono mtulivu sana.

Kwetu, swali la nani ana hatia lina mahali pake: kesi nyingi za Kibera husikilizwa katika Mahakama ya Kibera. Zinakwenda pole pole, zinaahirishwa, zinachosha. Lakini Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na pale anapewa nafasi ya kujibu, nafasi ambayo daftari halimpi mtu.

Kwa hivyo, mzazi, ukimkuta mwanao anatazama katuni hizi za Kijapani saa sita za usiku, usimnyang'anye simu. Keti kando yake, mwombe arudi kipindi cha kwanza, na mkifika kwa Naomi Misora mwulize yuko upande wa nani. Kisha naye akuulize wewe.