Seva ya gumzo hujulikana kwa simu iliyonyamaza

Saa 12 jioni Waiyaki Way imeshikana, na ndani ya matatu inayokwenda Kangemi abiria anafuatilia mjadala wa chama chao kwenye simu. Mtandao unalegea, kisha unapotea. Simu haijaaga, imenyamaza tu. Kwa seva, abiria yule bado yumo kikaoni, na jumbe zake zinazidi kurundikana. Hapo ndipo mkono wa aliyeiandika seva huanza kuonekana.

Westlands, mtaa wenye makao makuu ya Safaricom na ofisi tele za programu, haukosi watu wa kuandika seva ya gumzo kwa siku moja. Mezani zote hufanana: watu watatu, intaneti nzuri, jumbe zinapita. Mwenye jicho hadanganyiki na hilo. Huomba kuona chaneli.

Chaneli, njia ambazo kazi za programu hupitishiana data, ndizo fahari ya lugha ya Go, iliyotangazwa na Google Novemba 2009, kazi ya Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson. Mzizi wake uko katika makala ya Tony Hoare ya mwaka 1978: kazi zinazokwenda sambamba zisinyang'anyane data, bali zipokezane. Kazi ndogo ya Go huitwa gorutini, nayo kwa kawaida huanza na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu (stack), kwa hiyo kila mteja anaweza kupewa mbili bila uchoyo, moja ya kusoma na nyingine ya kuandika.

Kwanza iulizwe ni nani anayeshika orodha ya waliomo. Katika kazi safi ni gorutini moja tu, msimamizi. Wanaoingia, wanaotoka na jumbe zenyewe humfikia kwa chaneli tatu. Ndivyo ulivyo mfano wa gumzo wa maktaba ya Gorilla WebSocket. Orodha ikilindwa kwa kufuli moja lililotumiwa vizuri, hiyo nayo ni kazi halali, na inashinda chaneli zilizotapakaa kwa ajili ya mapambo. Isipolindwa kwa lolote, kipimo cha -race, kilichokuja na Go 1.1 mwaka 2013, kina nafasi nzuri ya kulifichua kosa pindi seva inapojaribiwa.

Sasa turudi kwa abiria. Chaneli isiyo na nafasi ni kupeana mkono kwa mkono: mtoaji haondoki mpaka mpokeaji apokee. Msimamizi akimtumia abiria kwa njia hiyo, atasimama na ujumbe mkononi, na chama kizima kitanyamaza kwa sababu ya simu moja iliyoko barabarani. Mfano wa Gorilla humpa kila mteja chaneli yenye nafasi 256. Zikijaa, msimamizi hangoji: tawi la default ndani ya select, linalofuatwa chaneli isipopokea, humfungia mteja huyo chaneli, humfuta orodhani, na wengine huendelea kuongea. Ni mistari michache, na ndiyo ya kusomwa kwa makini kuliko yote.

Wapo wanaoikimbia hatua hiyo kwa kuongeza nafasi hadi maelfu. Hesabu inawakataa. Kwenye mashine ya biti 64 kila nafasi ya chaneli za mfano wa Gorilla hula baiti 24, kwa hiyo nafasi 256 ni kama kilobaiti 6, na wateja 10,000 hufikisha megabaiti 61 kabla ya herufi hata moja. WhatsApp, iliyojengwa kwa Erlang, ina desturi nyingine: huko sanduku la jumbe la kila kazi halina kikomo cha kawaida, na hatari huhamia kwenye kumbukumbu ya mashine.

Kujaribu ni rahisi. Mteja mmoja aunganishwe kisha aache kusoma bila kukata, wawili waendelee kuandikiana. Jumbe kumi hazitoshi, maana mtandao wenyewe una akiba yake, zimiminwe maelfu. Wale wawili wakikwama, seva irudishwe kwa fundi.

Kufunga nako kuna adabu. Chaneli hufungwa mara moja, na upande unaotuma. Kutuma kwenye chaneli iliyofungwa huzua paniki, na paniki isiyodakwa huiangusha programu nzima pamoja na kila aliyemo.

Kisha zihesabiwe gorutini: waingie wateja 1,000, watoke wote, na hesabu irudi ilikoanzia. Isiporudi, kuna kazi zinazosubiri kwenye chaneli ambayo hakuna atakayeigusa tena.

Abiria naye? Mfano wa Gorilla hubisha hodi kila sekunde 54, na asiyejibu ndani ya 60 huondolewa. Mfano unaishia hapo, lakini seva ya kazi haipaswi kuishia hapo. Matatu ikifika Kangemi na mtandao ukirudi, simu ijiunge upya, itaje namba ya ujumbe wa mwisho ilioupata, na seva ilete zilizobaki kwa mpangilio, kuanzia ule uliofuata.